Gari Limezima Ndani ya Maji: Hatua za Kuiokoa Injini

Katika misimu ya mvua kubwa, Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam hufungwa mara kwa mara pale Jangwani kwa sababu Mto Msimbazi umefurika, na mwezi Aprili mwaka 2024, maeneo mengi ya Nairobi yalipojaa maji, magari yaliachwa barabarani yakiwa yamezama nusu. Mafuriko ya namna hiyo kila mtu huyaona na kuyaogopa. Hata hivyo, injini nyingi zinazofikishwa gereji baada ya mvua hazikuzamishwa na mto. Zilipita kwenye dimbwi la mtaani ambalo dereva aliliona la kawaida, gari likakohoa, likazima, na dereva akapiga stata. Mwongozo huu unahusu dakika zinazofuata baada ya gari kuzima na siku chache za mbele yake, kwa sababu sehemu kubwa ya uharibifu hutokea katika muda huo, na katika muda huo huo unaweza kuzuiwa.

Kinachotokea ndani ya injini

Injini huvuta hewa, huigandamiza, huiunguza pamoja na mafuta, kisha huitoa nje. Hewa hukubali kugandamizwa, maji hayakubali. Tuchukue injini ya petroli ya cc 1,500 yenye silinda nne, kama zile zilizomo katika magari mengi madogo ya Toyota yaliyojaa katika barabara zetu. Kila silinda ina ujazo wa takribani cc 375, na pistoni inapofika juu kabisa, nafasi inayobaki kati yake na silinda hedi, yaani kifuniko cha chuma kilicho juu ya silinda, ni takribani cc 40 tu, yaani vijiko vinane vya chai. Maji yakizidi kiasi hicho ndani ya silinda moja, pistoni inayopanda inakosa mahali pa kwenda. Krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka chini ya pistoni, inaendelea kuisukuma kutoka chini, uzito wa gari lililo kwenye gia unaisaidia krenki, na maji hayasogei. Kinachoshindwa hapo ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na krenki. Ama inapinda, ama inakatika na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini.

Injini za dizeli ziko katika hatari kubwa zaidi, na sababu ni mbili. Kwanza, huigandamiza hewa mara 16 hadi 20, wakati nyingi za petroli huigandamiza mara 10 au 11, kwa hiyo nafasi inayobaki juu ya pistoni ni finyu sana ukilinganisha na ukubwa wa silinda. Pili, injini ya petroli mara nyingi huzima mapema kwa sababu plagi, au koili zinazozipelekea umeme wa cheche, zimelowa, na kuzima huko huiokoa. Dizeli haina plagi za cheche za kulowa, hivyo inaendelea kuzunguka kwa nguvu mpaka inameza maji yenyewe. Mwenye Land Cruiser au Hilux ya dizeli asijipe moyo kwa sababu tu gari lake limeinuka juu.

Ni muhimu pia kutofautisha hali tatu ambazo watu huzichanganya wanaposema injini imeingiza maji. Huenda mfumo wa umeme umelowa tu, na ndani ya silinda hakuna hata tone. Huenda maji yamepita kwenye mdomo wa hewa na kuingia ndani ya silinda. Na huenda gari limekaa ndani ya maji kwa muda mrefu hadi maji yakapenya kwenye oili. Ukiwa umesimama kando ya barabara huwezi kujua ni ipi kati ya hizo tatu, na kwa kuwa huwezi kujua, lazima uchukulie kwamba maji yamo ndani ya silinda mpaka ithibitike vinginevyo.

Hatua ya kwanza: usipige stata, hata mara moja

Gari likizima ndani ya maji, funga swichi na usiiguse tena. Kama gari linawashwa kwa kitufe, usibonyeze kitufe huku mguu ukiwa kwenye breki. Kama injini bado inawaka lakini imeanza kukohoa, kupoteza nguvu au kutoa mlio usio wa kawaida, izime mwenyewe mara moja. Injini iliyozimwa ikiwa imevuta maji kidogo mara nyingi hupona kwa kazi ya siku moja, lakini ikilazimishwa kuendelea inaweza kukugharimu injini nzima.

Stata peke yake ina nguvu ya kutosha kuleta madhara. Silinda moja inaweza kuwa na maji na nyingine tatu zikawa kavu, hivyo stata huzizungusha zile tatu, injini inachukua kasi, pengine hata inawaka, kisha pistoni ya silinda yenye maji inapanda na kugonga ukuta usiosogea. Dereva husikia mlio mmoja mzito, na kila kitu kinasimama.

Wasamaria wanaojitokeza kusukuma gari wanastahili shukrani, kwa maana wengi huingia kwenye maji machafu kumsaidia mtu wasiyemjua. Lakini ushauri unaotoka katika kundi hilo karibu kila mara ni ule ule: piga stata, kanyaga resi, usiache kwa sababu maji yataingia kupitia ekzosi. Washukuru kwa kusukuma, ila usifuate ushauri huo. Njia kuu ya maji kuingia kwenye silinda ni mdomo wa hewa ulio mbele, nyuma ya taa au juu kidogo ya bampa, na resi huifanya injini ivute kwa nguvu zaidi kupitia mdomo huo huo.

Uhai wa watu unatangulia mambo yote hayo. Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo likaelea, na sentimita 60 zinatosha kuyasomba magari mengi, pamoja na makubwa. Kama maji yanapanda au yana mkondo, fungua vioo mapema kabla umeme wa milango haujakata, toa watoto kwanza, na mliache gari. Injini ina bei yake na inaweza kununuliwa nyingine.

Hatua ya pili: kulitoa gari bila kuizungusha injini

Weka gia kwenye nyutro na lisukumwe kwa mikono hadi mahali pakavu na palipoinuka. Magari mengi ya otomatiki yana kitufe au kitundu kidogo karibu na mkono wa gia cha kufungulia gia wakati injini imezima, na ni vyema ukakitafuta leo gari likiwa salama nyumbani, kwa sababu kukitafuta usiku, mvua ikinyesha, ni shida. Gari la manyuo lisisukumwe likiwa kwenye gia, na kwa hali yoyote lisiwashwe kwa kusukumwa. Kuwasha kwa kusukuma ni sawa na kupiga stata, tena ni kubaya zaidi, kwa maana nguvu inayoizungusha krenki inakuwa uzito wa gari lote.

Kwa safari ya kwenda gereji, omba bredauni yenye kitanda cha kulibeba gari zima. Otomatiki haipaswi kuburutwa huku magurudumu yanayovuta yakiwa chini, na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne halipaswi kuburutwa kabisa, kwa sababu gia boksi huzunguka bila kulainishwa. Kuburuta kwa kamba hadi mtaa wa pili huonekana kuwa nafuu, lakini mara kadhaa unafuu huo umemletea mwenye gari tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Hatua ya tatu: picha, bima na betri

Kabla gari halijaguswa, piga picha za alama ya maji kwenye milango, ndani ya kabati la injini na kwenye mazulia, pamoja na mahali lilipozimia. Kama una bima kubwa, piga simu kwa kampuni yako siku hiyo hiyo na uulize mambo mawili: kama mafuriko yamo katika mkataba wako, na kama mkaguzi wao anapaswa kuliona gari kabla fundi hajalifungua. Bima ndogo hulipa madhara ya watu wengine tu, haitakusaidia hapa. Kampuni inaweza kukataa dai ikiona kwamba injini iliharibika kwa sababu dereva aliendelea kuiwasha baada ya kuzima, hivyo usikivu wako katika hatua ya kwanza una thamani hata kwenye karatasi. Omba majibu yao kwa maandishi, na kama wanachelewa, wajulishe kwa maandishi kwamba kuchelewa kunaleta kutu.

Chomoa waya hasi wa betri ili kontroli boksi (kompyuta ya gari) na fyuzi zilizolowa zisiungue. Magari ya haibridi, ambayo ni mengi siku hizi, yana nyaya nene za rangi ya chungwa zinazobeba umeme wa volti nyingi. Hizo usiziguse, na fundi asiye na mafunzo ya haibridi asiziguse pia.

Hatua ya nne: uchunguzi kabla ya kuzungusha chochote

Kazi hii inaweza kuanza hata uani kwako, kwa kuwa haihitaji vifaa vikubwa. Fungua boksi la chujio la hewa, lile ambalo mafundi huliita ea klina. Chujio likiwa kavu kabisa na boksi halina tope wala maji, kuna matumaini makubwa kwamba maji hayakufika ndani, na tatizo likawa ni koili au waya. Likiwa limelowa, au limejikunja kwa kunyonywa kwa nguvu, amini kwamba maji yamepita. Usidanganywe na chujio lililolowa upande mmoja tu, kwa maana maji kidogo yaliyoruka mara moja yanatosha kujaza vile vijiko vinane.

Ukiwa hapo, angalia pia kama bomba linaloleta hewa kutoka mbele ya gari bado lipo. Katika magari mengi yaliyotumika, bomba hilo, au lile kava la plastiki la chini ya injini, liliondolewa na fundi fulani siku ya kazi nyingine na halikurudishwa. Bila bomba, boksi huvuta hewa kutoka chini ndani ya kabati la injini, na bila kava, maji yanayorushwa na tairi hupanda moja kwa moja hadi kwenye mkanda na koili. Vipande hivyo viwili vya plastiki ni vya bei ndogo na huamua kama dimbwi la sentimita 25 litakuzimisha au utalipita.

Kisha vuta kijiti cha kupimia oili. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi na kufanana na chai ya maziwa, na kiwango chake huonekana kimepanda juu ya alama. Kumbuka kwamba maji yaliyoingia punde hayajachanganyika, hivyo oili inaweza kuonekana safi kwenye kijiti huku maji yakiwa yametulia chini kabisa ndani ya sampu, beseni la oili lililo chini ya injini. Na ukiikuta oili imegeuka rangi katika gari ambalo halikupita kwenye maji, hiyo ni habari nyingine, kwa kawaida ya gasketi ya silinda hedi.

Hatua ya tano: kuyatoa maji kwenye silinda

Hii ndiyo kazi yenyewe, na inapaswa kufanyika siku ile ile au kesho yake asubuhi, kwa kuwa kuta za silinda ni chuma kitupu na kutu huanza ndani ya saa chache. Gari likilazwa wiki nzima likisubiri fedha, ringi za pistoni hukwama na kuta hupata madoa ambayo hayatoki bila kuichonga bloku. Kama hakuna namna ya kuendelea na kazi haraka, angalau plagi zifunguliwe, maji yatolewe, na kila silinda imwagiwe vijiko viwili vya oili safi ya injini ili kuilinda wakati mipango mingine inafanyika.

Fundi aanze kwa kuzima mfumo wa mafuta kwa kuchomoa fyuzi au rilei ya pampu, na achomoe koili na nyaya za nozeli zinazonyunyizia mafuta. Eneo linalozunguka plagi lipulizwe kwa hewa, maana mashimo ya plagi hujaa maji na mchanga, na plagi ikifunguliwa kabla ya kupuliza, uchafu wote huo huanguka ndani ya silinda. Plagi zote zitolewe na zipangwe kwa mpangilio wa silinda zake. Ile iliyotoka ikichuruzika inakuonyesha silinda ya kuifuatilia zaidi baadaye, kwa hiyo usikubali zichanganywe kwenye sahani moja.

Injini sasa izungushwe kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki, polepole, kwa uelekeo wake wa kawaida, mizunguko miwili kamili, kwa sababu kila silinda hukamilisha kazi yake katika mizunguko miwili ya krenki. Mkono wa fundi mwenye uzoefu husikia mengi hapa. Ikizunguka kwa ulaini wote, ni dalili njema. Ikigota mahali pamoja kila inapofika, isilazimishwe, kwa kuwa ama konrodi imepinda na sehemu ya chini ya pistoni inagusa krenki, ama kuna kitu kimevunjika ndani.

Baada ya mizunguko ya mkono kupita salama, ndipo stata inaruhusiwa kwa mara ya kwanza, plagi zikiwa nje. Kila mtu akae mbali na boneti na asiwepo anayechungulia mashimo, kwa sababu maji yaliyobaki hutoka kwa kasi kubwa sana, hupiga boneti na yanaweza kuumiza macho. Stata ipigwe kwa sekunde tatu au nne, ipumzike, irudiwe, hadi kitakachotoka kiwe hewa tupu.

Kwa dizeli, mlango wa kutolea maji ni mashimo ya hita plagi, vile vipasha joto vya kusaidia kuwasha, au ya nozeli. Hita plagi zilizokaa miaka mingi hukatika zikifunguliwa kwa pupa, na kipande kinachobaki ndani huzaa kazi kubwa ya kuitoa silinda hedi. Zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu, zisubiriwe, na zifunguliwe kwa kwenda na kurudi kidogo kidogo.

Kuna hatua moja ambayo hurukwa mara nyingi na kuharibu kazi yote iliyotangulia. Maji hayapo kwenye silinda tu. Yamebaki pia kwenye bomba la hewa, kwenye manifoldi inayogawa hewa kwa silinda, na katika injini za tabo yamejikusanya kwenye intakula, kifaa cha kupoza hewa inayoingia, ambacho mara nyingi kimewekwa chini mbele ya gari. Injini iliyokaushwa silinda ikawashwa bila kuyatoa maji ya intakula huyavuta tena dakika ya kwanza, na safari hii ikiwa inazunguka kwa moto wake yenyewe. Mabomba yote yafunguliwe, yamwagwe, yapulizwe na kufutwa, na chujio jipya lifungwe.

Hatua ya sita: oili

Hata kama kijiti kilionyesha oili safi, imwage. Weka chombo safi chini na uilegeze bolti ya sampu taratibu, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini, hivyo hutangulia kutoka. Ukiona maji ya rangi ya udongo yakitoka kwanza na kufuatiwa na oili nyeusi, umeona kwa macho yako kwamba injini isingepaswa kuwaka. Badili chujio la oili pia. Weka oili ya bei ya kawaida yenye unene unaofaa kwa injini hiyo, kwa maana itafanya kazi ya kusafisha tu na haitakaa muda mrefu.

Kagua oili ya gia boksi na ya difu, kwa kuwa zote zina vitundu vya kupumulia ambavyo maji hupenya gari likikaa ndani yake. Oili ya otomatiki iliyoingia maji hugeuka rangi ya waridi iliyofifia yenye povu, na gari lisiendeshwe nayo hata kwa majaribio, kwani bamba za klachi zilizo ndani huharibika upesi sana zikikutana na maji.

Hatua ya saba: kutafuta konrodi iliyopinda

Hapa ndipo mwenye gari anapaswa kusimama imara, kwa sababu mafundi wengi huishia hatua iliyopita: maji yametoka, oili imebadilishwa, gari limewaka, malipo yamefanyika. Konrodi iliyopinda kidogo haizuii injini kuwaka. Gari linaweza kutembea wiki kadhaa au miezi, likiwa na mtetemo mdogo usiopewa uzito, huku chuma kilichopinda kikichoka kidogo kidogo, pistoni ikisugua ukuta upande mmoja na beringi ikilika kwa upande. Kisha siku moja, katika mwendo wa barabara kuu, konrodi hukatika na kutoboa bloku. Wakati huo hakuna anayelikumbuka dimbwi la masika.

Kipimo cha kwanza ni cha kompresheni, kinachofanyika kwa geji inayofungwa kwenye shimo la plagi. Injini nyingi za petroli zenye afya hutoa takribani psi (kipimo cha mgandamizo) 170 hadi 210, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Linalotakiwa kuangaliwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zikisoma 190 na moja ikasoma 150, na hasa kama ndiyo ile ambayo plagi yake ilitoka ikichuruzika, kuna sababu ya wasiwasi. Konrodi iliyopinda huwa imefupika, kwa hiyo pistoni yake haifiki juu kama wenzake na haigandamizi sawasawa.

Kipimo cha pili ni rahisi zaidi na hakihitaji hata geji. Kijiti kirefu kisichovunjika wala kukwaruza, cha plastiki ngumu kwa mfano, hushushwa kwenye shimo la plagi hadi kiguse kichwa cha pistoni, krenki ikizungushwa kwa mkono taratibu. Pistoni ikifika juu kabisa, kijiti huwekwa alama usawa wa mdomo wa shimo. Zoezi hili hurudiwa kwa silinda zote kwa kijiti kile kile. Alama zote zinapaswa kuangukia mahali pamoja, na hata tofauti ya milimita moja haipaswi kupuuzwa. Kijiti kisimame wima na kisiachwe ndani stata ikipigwa.

Ambapo kuna kamera ndogo ya kuingiza kwenye silinda, na gereji nyingi za mijini sasa zinayo, ushahidi huonekana waziwazi. Juu ya ukuta wa kila silinda kuna mkanda mwembamba mweusi wa kaboni, mahali ambapo ringi haifiki. Pistoni iliyoshuka kwa sababu ya konrodi kupinda huanza kuacha mkanda mpana zaidi ya ule wa silinda za jirani, ingawa alama hii huhitaji injini iwe imetembea kidogo baada ya tukio. Ukuta uking'aa kwa kusuguliwa upande mmoja, habari ni hiyo hiyo.

Fundi akikwambia hakuna haja ya vipimo kwa sababu gari limewaka vizuri, omba vipimo hata hivyo na ulipie. Gharama yake ni ndogo sana mbele ya gharama ya bloku.

Hatua ya nane: kuwasha

Plagi mpya au zilizokaushwa vizuri zikifungwa, na soketi za umeme zikiwa zimepulizwa, injini iwashwe bila resi. Moshi mweupe wa dakika kadhaa ni wa kawaida, ni mvuke wa maji yaliyobaki kwenye ekzosi. Ukiendelea baada ya injini kupata joto kamili, uchunguzi urudiwe. Taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde chache, au ukisikia mlio wa kugonga unaofuata mzunguko wa injini, zima mara moja.

Mambo yakienda vizuri, iache iwake taratibu kwa dakika 10 hadi 15, zima, imwage oili ile ya kusafishia na uweke oili nzuri yenye chujio jipya. Kama iliyotoka bado imefifia rangi, rudia tena. Siku hiyo hiyo breki, alteneta na stata vikaguliwe, na beringi za magurudumu zisisahaulike. Kama maji yalikuwa ya bahari, kama inavyotokea katika barabara za pwani wakati wa bamvua, kila kitu kioshwe kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi inayobaki kwenye soketi itakuletea matatizo ya umeme kwa miezi mingi.

Injini ikiwa imeharibika

Kama ni konrodi moja iliyopinda na bloku ni nzima, inawezekana kubadili konrodi na pistoni yake, kupima krenki na kuweka beringi mpya. Konrodi isinyooshwe na kurudishwa, hata kama fundi anasema amewahi kufanya hivyo. Mara nyingi, hasa kwa magari madogo ya Kijapani, kununua injini iliyotumika huwa nafuu kuliko kuifumua ya zamani, na ndiyo maana maduka ya Gerezani jijini Dar es Salaam na ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi hayakosi wateja kila baada ya masika. Kabla ya kulipa, hakikisha msimbo wa aina ya injini unalingana na wa injini yako, fungua kifuniko cha oili uangalie kama ndani kuna utando wa rangi ya chai ya maziwa, zungusha krenki kwa mkono, na kubaliana kwa maandishi muda wa kuijaribu na masharti ya kuirudisha. Namba ya injini ikibadilika, taarifa ipelekwe TRA (mamlaka ya mapato) kwa gari la Tanzania au NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa la Kenya, ili kadi ya gari isipingane na injini siku ya ukaguzi au ya kuuza.

Kwa injini iliyopona, oili ibadilishwe tena baada ya takribani kilomita 500, na kompresheni ipimwe upya wakati huo. Ukisikia mlio mpya wa kugonga, ukiona inakula oili kuliko zamani, au mtetemo ambao haukuwepo injini ikiwa imetulia, liegeshe gari na urudi kwenye silinda ile ambayo plagi yake ilitoka ikichuruzika.